Alamu zinalia, kazi haiendi: jaribu dakika 25

Dada yangu, umeuliza kwa nini alamu ulizotega kila baada ya saa moja unazizima tu na nguo za wateja zinabaki palepale. Nami nashona, hapa Ngamiani, Tanga, na jambo hilo lilinitesa muda mrefu.

Saa nzima ni ndefu mno. Tega dakika 25, kisha pumzika 5. Utaratibu huo aliuanzisha Mwitaliano Francesco Cirillo mwishoni mwa miaka ya 1980, akiwa mwanafunzi, kwa kutumia saa ya jikoni yenye umbo la nyanya. Ndiyo maana unaitwa Pomodoro, yaani nyanya kwa Kiitaliano. Ukitimiza vipindi vinne, pumzika dakika 15 hadi 30.

Lakini kilichoniokoa hasa ni jina la alamu. Usiandike "kazi". Andika kitendo chenyewe: "kata mikono ya gauni la kijani". Ikilia, mkasi unajua unakokwenda. Na simu usiiweke karibu na cherehani. Yangu hukaa juu ya kabati la vitambaa, kwa hiyo lazima niinuke kuizima. Hapo nanyoosha mgongo, nakunywa maji, narudi.

Usitege alamu ikagongana na sala ya adhuhuri au watoto wanaporudi shule. Utaipuuza, na ukishazoea kupuuza moja, zote zinakufa. Mteja akiingia katikati, msikilize vizuri, andika vipimo vyake, halafu anza dakika 25 upya.

Anza kesho na gauni moja tu, kisha utuambie limekwendaje.