Maswali ya Wasomaji: Kukunja Bomba la Shaba Bila Kubonyea

Nafunga hita ya jua. Bomba la shaba la milimita 15 kila nikilikunja kwenye goti linabonyea upande wa ndani kabla kona haijatimia. Nimeshaharibu futi sita. Nakosea wapi? Au nitumie PPR tu niachane na tabu hii?
*Msomaji, Tanga*

PPR, yaani bomba la plastiki, tuimalize kwanza. Sahani ya hita, ile inayopokea joto la jua, inapokaa juani bila maji kutembea, joto lake hupita nyuzi 100 kwa urahisi. PPR haikutengenezwa kwa joto hilo, italegea. Kipande kati ya sahani na tangi kiwe cha shaba.

Sasa hiyo kubonyea. Ukikunja bomba, ukuta wa nje wa kona unavutwa na ukuta wa ndani unasukumwa ujikusanye. Kwa kuwa katikati hamna kitu cha kuuzuia, ule unaosukumwa unazama. Goti lako halina kosa. Kinachokosekana ni kitu cha kulishikilia bomba kwa ndani wakati linakunjwa.

Anza kwa kusoma maandishi yaliyopigwa ubavuni mwa bomba. R250 ni gumu nusu, nalo hukunjika vizuri. R220 ni laini, huuzwa likiwa limeviringwa. R290 ni gumu kabisa. Hilo usihangaike nalo, liunge kwa elbo, yaani kiungo cha kona. Mafundi wengi wanaolaumu mikono yao huwa wameshika R290.

Ukishapata R250, nunua springi ya milimita 15, ile inayoingizwa ndani ya bomba kulishikilia. Ipake mafuta ya kupikia, si grisi, maana humo yatapita maji ya kutumia. Kona ikiwa mbali na mdomo wa bomba, funga waya imara kwenye tundu la springi, na utie alama kwenye waya ili ujue springi imefika wapi: katikati yake ikae katikati ya kona. Kisha funga kitambaa gotini ukunje kidogo kidogo, ukilisogeza bomba sentimita moja moja. Ukikaza mahali pamoja, hata springi haitakuokoa. Nusu kipenyo ya kona isipungue mara tano ya unene wa bomba kwa nje, yaani milimita 75 kwa bomba lako.

Pitiliza kona nyuzi tano hivi, kisha uirudishe. Kule kurudisha ndiko kunakoiachia springi. Izungushe upande unaokaza miviringo yake, iwe nyembamba, ndipo uivute. Ikigoma, rudisha kona kidogo tena. Usiivute kwa koleo, kwa sababu springi iliyonyooka haifai tena kwa kazi.

Jambo moja la hita isiyo na pampu: bomba la maji moto lipande moja kwa moja mpaka kwenye tangi, lisishuke popote. Kona ikiacha nundu, hewa hunasa hapo, maji husimama, na mwenye nyumba ataoga maji baridi huku sahani juu ya paa inachemka.

Napima vizuri, nakata, nakunja, lakini bomba linazidi. Hesabu inapotea wapi?
*Msomaji, Nairobi*

Inapotea kwenye kona yenyewe. Unajumlisha urefu kana kwamba bomba linafika pembeni kabisa na kugeuka, kumbe linakata njia ya mkato kwa mviringo. Kona ya nyuzi 90 hula urefu wa nusu kipenyo mara 1.57, ikipimwa katikati ya unene wa bomba. Kwa nusu kipenyo ya milimita 75, mviringo wote ni milimita 118.

Tuseme mkono mmoja unatakiwa uwe milimita 400 na wa pili 300, zote zikipimwa toka mdomoni hadi mstari wa katikati wa mkono mwingine. Toa 75 kwenye 400: kona inaanzia milimita 325. Ongeza 118: inaishia 443. Mkono wa pili unabaki na 225 zilizonyooka, kwa hiyo bomba lote ni 668. Ukijumlisha 400 na 300 unapata 700, na zile 32 zilizozidi ndizo zinazokusumbua.

Tia alama mbili kwa kalamu ya wino, ile ya 325 na ya 443, na kona yote iishie kati yake. Usikwaruze alama kwa ncha ya chuma, kwa sababu mkwaruzo kwenye ukuta wa nje unaovutwa ndipo ufa unapoanzia. Tena ukiweza, kunja kwanza, kisha ukate miisho yote miwili. Makosa ya milimita mbili tatu yatabaki kwenye vipande vya kutupa.

Nilichoma bomba gumu ili lilainike, kisha nikalitia majini. Mwenzangu anasema maji yamelirudishia ugumu. Ni kweli?
*Msomaji, Mombasa*

Si kweli. Hiyo ni tabia ya chuma cha pua, na mwenzako ameihamishia kwenye shaba. Shaba iliyochomwa hubaki laini ikipoa kwa maji au kwa hewa. Kinachoirudishia ugumu ni kukunjwa na kugongwa, ndiyo maana kona iliyokunjwa, ikanyooshwa, ikakunjwa tena hupasuka.

Angalia zaidi rangi. Unataka wekundu hafifu tu, kwenye nyuzi 600 hivi. Juani wekundu huo hauonekani. Fundi anaendelea kupiga moto akisubiri rangi, na shaba inazidi joto. Ukiikunja baadaye ngozi yake inakuwa na vipele kama ganda la chungwa. Ingia kivulini. Sogeza mwali wakati wote, uchome sehemu ya kona na sentimita tatu kila upande. Springi iingie bomba likishapoa, maana moto huiondolea ugumu wake. Usichome karibu na kiungo kilicholehemiwa. Risasi ya kulehemu itayeyuka muda mrefu kabla shaba haijawa nyekundu.

Na wanaojaza mchanga ndani ya bomba kubwa badala ya springi: mchanga uwe umekaangwa ukakauka kabisa. Unyevu kidogo ukifungiwa pande mbili na kupigwa moto hugeuka mvuke, na kizibo hutoka kama risasi ya bunduki. Watu huumia kwa hili.

Nimenunua bomba la "nusu inchi" duka la vifaa vya AC. Halikai kwenye mashine ya nusu inchi ya fundi bomba. Nani amekosea?
*Msomaji, Dar es Salaam*

Hakuna aliyekosea. Bomba la AC huitwa kwa unene wa nje, kwa hiyo nusu inchi ni milimita 12.7. Bomba la maji la vipimo vya Marekani huitwa kwa jina tu, na unene wake wa nje huzidi jina hilo kwa moja ya nane ya inchi. Nusu inchi yake ni milimita 15.9. Na lile la Ulaya ni 15 kamili. Pima kwa kalipa, kile kipimo cha taya mbili, kabla ya kununua springi au mashine. Bomba likicheza ndani ya gurudumu la mashine, litakuwa bapa.

Nimekodi mashine ya kukunjia, bomba la milimita 22. Kona inatoka na makunyanzi upande wa ndani.
*Msomaji, Leicester*

Kigurudumu kinachosukuma kimelegea. Kikaze kidogo, ujaribu kwenye kipande kibovu. Ukikaza kupita kiasi kona itasinyaa na kuwa nyembamba, basi legeza robo mzunguko. Hakikisha pia gurudumu na reli yake vyote ni vya 22. Pitiliza nyuzi mbili au tatu, kwa sababu shaba hurudi nyuma ukiiachia.

Kati ya kona na kiungo acha angalau sentimita tano zilizonyooka. Karibu na kona bomba huwa na umbo la yai, na kiungo cha nati na pete kikikaa hapo kitavuja hata ukikikaza mpaka nati ilie.

Kona imebonyea kidogo tu. Nikiigonga irudi, kuna ubaya?
*Msomaji, Tanga*

Upo. Umeshaifanya ngumu kwa kuikunja, nyundo inaongeza ugumu na kuanzisha ufa usiouona. Na maji yanayopita kwenye tundu lililobana hukimbia kasi na kula ukuta taratibu. Ikate, uanze na kipande kipya.