Radi za Catatumbo: Februari sio mwezi wake

Ndugu, umeuliza kama Februari inafaa kwenda Venezuela kuona radi za Catatumbo (zile zinazopiga usiku mwingi pale mto Catatumbo unapoingia Ziwa Maracaibo) na kama kulala kule ziwani ni hatari. Februari achana nayo, Januari na Februari radi zinapungua sana kwa ukame (mwaka 2010 ukame ulikuwa mkali hadi zikapotea kwa miezi kadhaa), we lenga Septemba au Oktoba, na usipange usiku mmoja tu maana mawingu hayana mkataba na mtu.

Wengi wanaanzia mji wa Mérida, wanashuka na gari hadi bandari ndogo ya Puerto Concha halafu boti mpaka kwenye nyumba za nguzo juu ya Ziwa Maracaibo. Shoo yenyewe ni usiku, mara nyingi usiku mkubwa kabisa, kwa hiyo mchana lala. Zikiwa mbali unaona wingu linawaka kwa ndani kimyaa, hapo ndo piga picha, kamera kwenye stendi na shata (kile kinachofungua kuingiza mwanga) iache wazi sekunde 20 hivi. Ila ukianza kusikia ngurumo jua radi inaweza kukufikia, toka majini, ingia ndani, tulia mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Boti ya wazi wakati huo kataa, hata kama nahodha anakucheka.

Malaria na chanjo ya homa ya manjano muulize daktari mapema. Na jimbo la Zulia, ndiko ziwa liliko, linapakana na Colombia, usiende kivyako, tafuta waongozaji wenyeji na usome tahadhari za usalama kabla hujalipa chochote.