Maswali ya Wasomaji: Kupanda Usambara kwa Gari Dogo

SWALI: Mhariri, mwezi wa Julai natarajia kuwapeleka wazazi wangu Lushoto na Mtae kwa gari dogo. Je, barabara zinapitika, na tusimame wapi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, umechagua wakati mwafaka, kwani masika yatakuwa yamekwisha, ila wabebee wazee makoti mazito, maana mji wa Lushoto uko takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na usiku wake wa Julai ni wa baridi.

Kutoka Mombo, barabara ya lami hupanda kwa kona nyingi kando ya bonde la mto, mwendo wa kilomita zipatazo 33. Simameni Soni mtazame maporomoko ya maji. Lushoto, mji ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal, unastahili kulala siku mbili: asubuhi moja nendeni Irente, mahali ambapo mlima unakatika ghafla na tambarare ya Mombo inaonekana yote chini ya miguu yenu. Binafsi sijaona mandhari yanayoyazidi hayo mkoani Tanga.

Safari ya Mtae, inayopita katika msitu wa Magamba, ni ndefu na yenye sehemu za udongo. Kwa hiyo liacheni gari lenu Lushoto mkodi lililoinuka, pamoja na dereva mwenyeji. Wakati wa kuteremka, tumia gia ndogo, usitegemee breki pekee.