Jibu: Je, Rhodes aliacha mali yake yote kwa ufadhili wa masomo?

Ndugu, umeuliza kama ni kweli kwamba Cecil Rhodes, tajiri na mwanasiasa wa Kiingereza aliyetawala ardhi kubwa kusini mwa Afrika, aliacha mali yake yote kwa ajili ya ufadhili wa masomo Oxford. Si yote. Wosia wake wa mwisho aliutia saini Julai 1899, kisha akaendelea kuuongezea vipengele huku moyo ukimsumbua, hadi alipofariki Muizenberg, karibu na Cape Town, tarehe 26 Machi 1902 akiwa na umri wa miaka 48, bila mke wala mtoto.

Chuo cha Oriel, kimojawapo cha vyuo vya Oxford, alikiachia pauni 100,000, na nyumba yake ya Groote Schuur huko Cape Town akaitenga iwe makazi ya waziri mkuu wa shirikisho la Afrika Kusini ambalo wakati huo halikuwapo. Ufadhili wenyewe ulikuwa wa wanaume tu. Wanawake waliingia mwaka 1977.

Kwangu mimi, sehemu nzito zaidi ni ya ardhi. Mashamba yake ya karibu na Bulawayo na ya Inyanga aliyakabidhi kwa wadhamini, yalimwe kwa ajili ya kuwafundisha watu wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo), naye akaagiza azikwe Matopo, kwenye vilima vilevile lilimo kaburi la Mzilikazi, mfalme wa Wandebele. Hati hiyo ilikuwa halali mbele ya sheria ya Waingereza, lakini nchi ya Bulawayo ilikuwa ya Wandebele hadi kampuni yake mwenyewe, British South Africa Company, ilipomwangusha mfalme wao Lobengula kwa vita mwaka 1893, na hao hawakuulizwa lolote wosia ulipoandikwa.