Barua kwa mwanangu: huyo mwenzako mpya, akishapiga sevu anakwenda wapi?

Mwanangu,

Marahaba, na mama yako anakusalimu sana. Unauliza kwamba, kwa kuwa mwenzako wa badminton ya wawili wawili amechanika kano ya goti na daktari amemweka nje miezi 9 au zaidi, je, utafute mwenzako mpya au uhamie mchezo wa mmoja mmoja, maana umefika miaka 27 na unaona muda unakukimbia.

La umri tuliache kidogo. Nikuulize mimi: huyo unayemfikiria, akishapiga sevu, lile pigo la kuanzisha, anakwenda wapi? Hilo hukuliandika. Umeniandikia kuhusu smashi yake, yaani pigo lake kali la kutoka juu, urefu wake, na kwamba mnaelewana. Mama, smashi inafurahisha watazamaji. Mechi ya wawili inaamuliwa na mapigo matatu ya kwanza: sevu, jibu la sevu, na pigo linalofuata. Nimelisema hilo tangu wewe na kaka yako mlipokuwa mkifunga kamba ya manila pale uani kwa bibi badala ya wavu, na sijaona mechi iliyonipinga. Ipo moja, nitaifikia.

Siku mtakapofanya mazoezi, funga uzi sentimita 10 hivi juu ya utepe wa wavu, apige sevu zipite kati ya uzi na utepe. Kinyoya, hicho mnachokipiga badala ya mpira, kigongwe kikiwa chini ya mita 1.15 kutoka sakafuni, kama kanuni inavyotaka tangu 2018, na kianguke pale pale penye mstari wa mbele, mita 1.98 kutoka wavuni. Zikipita nyingi, usishangilie bado. Tazama miguu yake. Wengi wakishapiga sevu hurudi nusu hatua nyuma kwa woga wa kupigwa usoni, na nusu hatua hiyo ndiyo inayoua jozi. Aliyepiga sevu asogee mbele, raketi ikiwa juu, achukue kila kinachorudi karibu na wavu. Kinachompita ni cha aliye nyuma. Akirudi nyuma, wote wawili mnajikuta katikati ya uwanja, mbele pako wazi, na mpokeaji mjanja atakisukuma kinyoya polepole pembeni, kati ya wa mbele na wa nyuma, kila mmoja amwachie mwenziwe. Mtalaumiana, na hakuna atakayejua kosa lilianzia mguuni.

Jambo la pili la kumpima ni ulinzi. Mkisimama sambamba na mpinzani akapiga smashi kutoka pembeni, aliye mbele yake moja kwa moja alinde mstari, na aliye mshazari naye ndiye achukue katikati. Muulize kabla hamjaingia uwanjani. Akisema "tutaonana huko huko", basi ujue.

Na mpime mahali mnapocheza. Nairobi hewa ni nyepesi, kinyoya kinakimbia, ndiyo maana mnatumia vinyoya vya kasi ndogo. Ukija navyo huku Mombasa mapigo yatapungukiwa, na wala si kosa la mtu.

Sasa goti. Unajua nani amenijia akilini, na shangazi yako alishalitaja jina kabla sijamaliza kusoma barua: Greysia Polii wa Indonesia. Alikuwa na Nitya Krishinda Maheswari, wakachukua dhahabu ya Michezo ya Asia kule Incheon 2014, wakafika robo fainali ya Olimpiki ya Rio 2016. Baada ya hapo Nitya akafanyiwa upasuaji wa goti. Greysia akakaribia 30 bila mwenza, akitaka kustaafu. Kocha wake Eng Hian, aliyepata shaba Athens 2004 katika mchezo huo huo wa wawili, akamwomba abaki amlee msichana mmoja kutoka Konawe, Sulawesi, Apriyani Rahayu, ambaye alikuwa na miaka 19 walipoanza 2017. Tofauti yao karibu miaka 11. Mwaka huo huo wakashinda mashindano ya wazi ya Thailand na ya Ufaransa.

Lakini siwezi kumtaja Greysia bila kuirudia Olimpiki ya London 2012, na bado inaniuma. Jozi nne, moja ya China, mbili za Korea Kusini na moja ya Indonesia, ziliingia uwanjani katika ukumbi wa Wembley zikitaka kushindwa ili zipate njia nyepesi katika hatua ya mtoano. Watu wamelipa kiingilio, wanazomea, na wachezaji wakubwa kabisa wanagongesha sevu wavuni makusudi. Sevu! Pigo ambalo hakuna anayekuharakisha, hakuna anayekusukuma, ni lako peke yako. Zote nne zikafukuzwa, na Greysia alikuwemo.

Shangazi yako mpaka leo anasema walionewa. Nakubali kwamba mfumo ule wa makundi uliwaachia mlango wazi, na baadaye ukabadilishwa ili jozi za pili katika makundi zipangwe kwa kura. Nakubali pia kwamba mchezaji wa miaka 24 haamui peke yake. Hata hivyo mkono ulioshika raketi ulikuwa wake. Basi, niishie hapo, maana nikiendelea nitatoa hukumu na sikuwa kwenye benchi lao kusikia walichoambiwa.

Ninachokijua ni tarehe 2 Agosti 2021, Tokyo. Ule uzi wa raketi unaukumbuka? Fainali ya Olimpiki, Greysia na Apriyani wanacheza na Chen Qingchen na Jia Yifan wa China, mabingwa wa dunia wa 2017. Kinyoya kikiwa bado hewani, uzi wa raketi ya Greysia ukakatika. Akakimbilia pembeni kuchukua raketi nyingine, huku Apriyani akiulinda uwanja wote wa mita 6.10 peke yake. Greysia akarudi, pointi wakaipata wao. Shangazi yako alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza nani anaolewa. Wakashinda 21-19, 21-15, dhahabu ya kwanza ya Indonesia katika wawili wanawake, Greysia akiwa na miaka 33. Hiyo ndiyo mechi inayonipinga, kwa sababu pointi ile haikuamuliwa na mapigo matatu. Au pengine hainipingi: msichana hawezi kusimama peke yake vile kama hakufundishwa kwa miaka minne mahali pa kusimama. Nakwenda huku na huku, unaona mwenyewe.

(Beba raketi tatu zenye nyuzi za mkazo mmoja. Uzi ukikatika, kata na zilizobaki haraka kuanzia katikati, la sivyo fremu itapinda.)

Upande wa hesabu nitakuwa mfupi. Alama za daraja la dunia ni za jozi. Mkiachana, jozi mpya huanza bila kitu kwenye orodha, na daraja huhesabiwa kwa matokeo 10 bora ndani ya wiki 52. Fedha nazo, jozi inayoshinda hupata zaidi kidogo tu ya anayeshinda mmoja mmoja, kisha mnagawana. Ukihamia mmoja mmoja unajua utakachokutana nacho: mapafu, mikimbio ya pembe nne, na wasichana wa miaka 18 waliolelewa kwa mchezo huo tu. Mikono yako ni ya wavuni. Nimeshaanza kukuamulia.

Ninalo jibu, na mama yako ananitazama niliandike. Sitaliandika. Goti si langu, na mwenzako bado yupo. Mpigie simu umweleze kabla hajasikia kwa watu kwamba unamtafuta mwingine. Kama una nafasi ya kwenda mashindano ya Kampala na huyu mpya, nenda, mkitolewa raundi ya kwanza hakuna kilichoharibika. Lakini fanyeni kwanza zoezi la uzi, wiki mbili mfululizo, kisha niandikie miguu yake ilikwenda wapi.

Baba yako