Ukitaka kumuenzi Bob Collymore, anza na ngazi za ofisi yako

Kila ikikaribia tarehe 1 Julai, picha ya Bob Collymore, aliyekuwa mkuu wa kampuni ya simu ya Safaricom, huanza tena kuzunguka kwenye simu zetu. Watu humwandikia kwa mapenzi ya kweli, maana alituondokea mwaka 2019 akiwa na miaka 61 tu, baada ya kupambana na saratani ya damu. Nami namkumbuka, lakini kwangu kumbukumbu hiyo inaambatana na aibu.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa kwenye jopo la kuajiri katika kampuni moja hapa Nairobi. Tangazo letu la kazi lilimalizia na yale maneno tuliyoyazoea: watu wenye ulemavu wanahimizwa kutuma maombi. Kijana mmoja akayaamini. Asubuhi ya mahojiano mlinzi akanipigia simu: "Madam, mgeni wako amefika na kiti cha magurudumu. Nifanyeje?" Ofisi ilikuwa ghorofa ya tatu, na jengo halina lifti.

Tukashuka. Tulimhoji pale pale mlangoni, kwenye meza ya mlinzi, daftari la wageni likiwa wazi katikati yetu, kila anayepita anainama kutia sahihi. Alijibu vizuri kuliko wote wa siku ile. Mwishoni akatuuliza, "Nikiipata kazi hii, nitakaa wapi?" Tukatazamana. Hakuipata. Kwenye ripoti tuliandika kwamba mazingira hayaruhusu, ilhali mazingira hayo tuliyachagua wenyewe siku tuliyosaini mkataba wa pango.

Tangu siku hiyo nikaanza kumfuatilia Collymore kwa makini. Alizaliwa Guyana, akahamia Uingereza angali kijana, na Novemba 2010 akakabidhiwa uongozi wa Safaricom. Wakubwa wengi husema wanapenda usawa. Yeye alikubali kupimwa: chini yake kampuni ilijiwekea lengo kwamba asilimia 5 ya wafanyakazi wawe watu wenye ulemavu. Katiba yetu ya 2010 inataja kiwango hicho hicho kwa nafasi za umma za kuchaguliwa na kuteuliwa, lakini yeye aliongoza kampuni ya biashara. Alitaka pia zabuni nyingi zaidi ziende kwa biashara za wanawake. Ukishataja namba, mtu yeyote anaweza kukuuliza mwisho wa mwaka umefika wapi. Nia njema peke yake haina wa kuidai.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayeajiri, toka nje ya geti kisha uingie ofisini kwako kama mgeni. Hesabu ngazi. Pima upana wa mlango wa choo. Unapompigia mtu simu kumwita kwenye mahojiano, muulize anahitaji nini ili afike na akae vizuri. Muulize kila mmoja, asione umemtenga. Na kabla ya kusaini pango jipya, mwambie mwenye jengo unachotaka, kwa sababu baada ya kulipa hatakusikiliza.

Halafu kuna akina mama. Mwenzetu mmoja alirudi kutoka likizo ya uzazi akawa anakamua maziwa chooni, chupa ameiweka juu ya tangi la maji, mkono mmoja ukizuia mlango wenye komeo bovu. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea na kukamulia, na ampe mama muda wa kufanya hivyo. Wengi wetu hatukuwa tumeisoma. Tuliondoa makaratasi kwenye stoo, tukaweka kiti, soketi, friji ndogo na komeo zima. Kazi ya wikendi moja. Nilichojutia ni miezi aliyokaa akivumilia huku sisi sote tukijua.

Yote haya yaombee fungu kwenye bajeti, kwa jina lake, mapema. Ukisubiri masalio, hayatabaki.

Yule kijana nilimtafuta baadaye nikamwomba radhi. Alikuwa ameshapata kazi kwingine. Akaniuliza kama tumepata lifti. Nikamwambia tumehamia jengo jingine, ghorofa ya chini, na mlango mkuu mwenye kiti cha magurudumu anapita bila kusaidiwa. Choo bado. Fundi anakuja Jumatatu.