Maziwa ya mbuzi na harufu ya beberu

SWALI: Nina mbuzi majike wawili, chotara wa Toggenburg (mbuzi wa maziwa wa asili ya Uswisi), wanaotoa maziwa lita moja na nusu kila mmoja kwa siku. Nyumbani hawayataki. Mama mkwe anasema yananuka beberu na ni kinywaji cha wasio na ng'ombe. Je, harufu inaondoka? Na ya kondoo je? (Msomaji, Bweyale, Uganda)

JIBU: Inaondoka, dada, kwa sababu mara nyingi haianzii kiweleni. Beberu anayetaka kupanda hujikojolea ndevu na miguu ya mbele. Jike akilala naye, uvundo unashika manyoya, kisha mikono yako, kisha maziwa. Mjengee beberu banda lake mbali, na usimguse kabla ya kukamua.

Osha kiwele kwa maji vuguvugu, ukikaushe kwa kitambaa cha mbuzi huyo peke yake. Michirizi miwili mitatu ya kwanza ikamulie kikombe cheusi: ukiona madonge au damu, kiwele kinaumwa na maziwa hayo hayanywewi. Tumia chombo cha chuma chenye mdomo mpana. Jerikeni haiingii mkono wa kusugua, na mabaki huchacha ndani. Ukimaliza, chuja papo hapo na utumbukize chombo kwenye beseni la maji baridi. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: maziwa yakikaa na joto lake huku yakitikiswa, mafuta huvunjika na kutoa ladha ileile ya beberu, hata kama nyumbani hakuna beberu.

Kisha yachemshe, kila siku, bila kusamehe. Mbuzi hubeba bruselosi, homa inayokuja na kuondoka kwa wiki nyingi pamoja na maumivu ya viungo, na watu huitibu wakidhani ni malaria. Jike aliyetupa mimba asikamuliwe kabla daktari wa mifugo hajampima.

Kuhusu heshima, mwambie mama kwamba Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, kwenye ng'ombe wengi, ya mbuzi pia hunywewa. Protini na mafuta yake yanakaribiana na ya ng'ombe. Aanze nayo kwenye chai. Ila mtoto wa chini ya mwaka mmoja msimlee kwa maziwa haya: yana kidogo mno foleti, vitamini inayosaidia kutengeneza damu, na damu yake inaweza kupungua.

Ya kondoo ni mazito zaidi, mafuta karibu asilimia 7, na yanafaa kunywewa yakichemshwa vilevile. Lakini kondoo wetu wa kienyeji hutoa kidogo sana. Ukimkamua, mwanakondoo ndiye atakayekonda. Tungekushauri umwachie.